Kinundu kwenye gego, kahawia kwenye meno: je, asili ya ukoo inasomeka mdomoni?

SWALI: Ninaishi Maji ya Chai, Arumeru, na nina watoto watatu, wa mwisho ana miaka 2 na nusu. Kwetu, upande wa mama, karibu wote tuna meno ya kahawia. Tena kwenye gego kubwa la juu, upande wa ndani, tuna kinundu kidogo cha ziada. Daktari wa meno alinionyesha kwa kioo, nikakumbuka mama naye anacho, na binti yangu mkubwa pia. Mjomba anasema amesoma kwamba kinundu hicho ni cha Wazungu, na kwamba rangi na kinundu kwa pamoja ni ushahidi kuwa asili yetu si Meru. Lakini mama yangu mdogo, aliyelelewa Tanga tangu mchanga, meno yake ni meupe kabisa, ila kinundu anacho. Je, jino linaweza kusema mtu katoka wapi? Na ni kweli kwamba wataalamu wanamtambua zamadamu kwa meno tu?

JIBU: Dada yangu, umelileta swali pamoja na jibu lake. Jibu ni mama yako mdogo wa Tanga.

Mtazame vizuri. Yeye na mama yako wametoka tumbo moja. Mmoja amekunywa maji ya Meru tangu utotoni, mwingine ya Tanga. Wa Meru ana meno ya kahawia, wa Tanga ana meupe, na kinundu wanacho wote wawili. Maana yake rangi ilibaki Meru, kinundu kikasafiri naye. Sisi tunaochunguza meno ya watu wa kale kazi yetu huanzia hapo hapo: kila alama tunayoiona kwenye jino tunaiuliza kwanza, wewe umerithiwa au umeokotwa njiani? Mjomba ametia mambo mawili kwenye kapu moja. Asionewe, maana hata maprofesa wamewahi kufanya hivyo.

Nianze na rangi, kwa kuwa hiyo ndiyo yenye haraka. Mlima Meru ni volkano, na miamba na majivu yake yana floraidi nyingi. Maji yakipita humo yanaibeba. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Baadhi ya mito na visima vya upande wenu hupita kiwango hicho mara kadhaa. Sasa, enameli, lile gamba gumu linalong'aa juu ya jino, hujengwa jino likiwa bado ndani ya taya. Seli zinazoijenga zikimaliza kazi zinakufa, ndiyo maana enameli ikivunjika haioti tena. Mtoto akinywa floraidi nyingi wakati seli hizo ziko kazini, enameli inatoka na vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Jino linachomoza likiwa na weupe wa chokaa, kisha rangi inajipenyeza humo mwaka hadi mwaka mpaka linakuwa kahawia.

Taji za meno ya mbele ya ukubwani huanza kujengwa miezi michache tu baada ya mtoto kuzaliwa, na hukamilika akiwa na miaka 4 au 5. Kwa hiyo mtu akihamia Maji ya Chai akiwa na miaka 20, meno yake ya mbele hayatapata kahawia ya namna hiyo hata akizeeka huko. Rangi hiyo inasema ulikulia wapi. Kuhusu babu yako alikotoka, haina neno.

Kinundu ni habari nyingine. Kinaitwa kinundu cha Carabelli, kwa jina la Georg Carabelli, daktari wa meno wa mfalme wa Austria, aliyekieleza mjini Vienna mwanzoni mwa miaka ya 1840. Kinakaa kwenye gego kubwa la kwanza la juu, upande wa ulimi, kuelekea mbele. Kwa wengine ni kishimo tu, kwa wengine ni mfereji mdogo, na kwa wachache ni nundu kamili ambayo ulimi unaigusa kila siku bila mwenyewe kujua. Kwa kuwa kilielezwa Ulaya kwa vinywa vya watu wa Ulaya, vitabu vingi vikaendelea kukiita alama ya Wazungu. Hapo ndipo mjomba alipokipata. Lakini Joel Irish, aliyetumia miaka mingi kulinganisha meno ya watu wa bara letu na ya mabara mengine, alikiweka kinundu hicho hicho kwenye orodha ya alama zinazopatikana kwa wingi Afrika kusini ya Sahara. Basi kwa Mmeru kuwa nacho hakuna ugeni wowote.

Tena jinsi kinavyotokea inafaa kujulikana, maana ndiyo inayotufundisha kutokimbilia kuhukumu. Wewe ni mtu wa migomba, utanielewa. Ukishachimba shimo la mgomba, huchimbi jingine hatua moja pembeni; unaacha nafasi. Nundu za gego hupangwa hivyo hivyo. Pale nundu moja inapoanza, hutoa ishara ya kuzuia nyingine isianze karibu yake. Gego likiwa bado laini na likiendelea kukua, pembeni hubaki nafasi nje ya eneo lililozuiwa, na hapo nundu ya ziada inaweza kuota. Kwa hiyo kinundu cha Carabelli hakina jeni moja la kwake peke yake. Kinategemea ukubwa wa gego na jinsi nundu nyingine zilivyokaribiana. Koo mbili zisizo na undugu wa karibu zinaweza kukipata kila moja kwa njia yake.

Kwa sababu hiyo hakuna mtaalamu makini anayeangalia jino moja, la mtu mmoja, akataja kabila. Tunachofanya ni kuhesabu. Mwaka 1991 Christy Turner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Arizona State walitoa utaratibu wenye vielelezo vya plasta vya kulinganishia: umbo la meno ya mbele, idadi ya nundu, idadi ya mizizi, kuwepo au kutokuwepo kwa gego la mwisho, na mengineyo mengi. Unachukua makumi ya watu wa jamii moja, unaandika kila alama ina kiwango gani, kisha unalinganisha na jamii nyingine. Tofauti karibu zote ni za asilimia. Ni nadra sana kukuta hawa wanayo wote na wale hawana kabisa.

Mfano uliofanikiwa kuliko yote ni meno ya mbele ya juu yenye umbo la sepetu. Pitisha ncha ya ulimi nyuma ya meno yako ya mbele. Kwako pengine ni laini. Kwa Wachina wengi, Wajapani, na zaidi wenyeji wa asili wa Amerika, pembeni mwa jino kuna kingo mbili zilizonyanyuka, katikati pamebonyea. Mtafiti Aleš Hrdlička aliliandikia jambo hilo mwaka 1920, na baadaye Turner akalitumia pamoja na alama nyingine kuonyesha kwamba watu wa kwanza wa Amerika walitokea Asia ya kaskazini-mashariki. Leo tunajua jeni linalohusika sana, liitwalo EDAR. Aina yake moja iliyoenea huko Asia hunenepesha nywele, huongeza tezi za jasho na huchangia sepetu hiyo, vyote kwa pamoja. Lakini mtego upo hata hapa: Waneanderthali wa Ulaya, walioishi huko kwa muda mrefu kabla ya watu wa aina yetu kufika, nao walikuwa na meno ya sepetu, na hawakuwa Wachina. Alama moja haitoshi kamwe.

Kwetu kuna alama moja ambayo kila Mswahili anaijua bila kufundishwa: mwanya. Ule uwazi kati ya meno mawili ya mbele ya juu, uliosifiwa kwenye mashairi na nyimbo za mapenzi, ni mojawapo ya alama tunazozihesabu, na hupatikana Afrika kusini ya Sahara kuliko Ulaya au Asia ya Mashariki. Hurithiwa, ingawa si kila mtoto wa mama mwenye mwanya ataupata. Na tafadhali usiuchanganye na pengo. Lugha yetu imetenganisha vizuri hapa: mwanya ni wa kuzaliwa nao, pengo ni la jino lililong'oka au kung'olewa. Kwa Waluo zamani kijana aling'olewa meno sita ya chini ya mbele; Wamasai nao waling'oa mawili ya chini. Mchimbaji akikuta taya la namna hiyo, mfupa umejiziba taratibu pale meno yalipokuwa, anajua mwenyewe aliishi miaka mingi baada ya kung'olewa. Hicho ni kitambulisho kweli, kinasema mtu alilelewa na watu gani. Hata hivyo ni mila, hakikuja na damu.

Na kwa kuwa nimeyataja hayo, niseme jambo linaloniuma. Kuna watu hapa nchini bado wanachimbua fizi za watoto wachanga kutoa kile wanachokiita meno ya plastiki, wakidhani ndiyo yanayoleta homa na kuhara. Kinachotolewa ni kijino cha chonge ambacho hakijakomaa, na mara nyingi kile cha ukubwani kilicho chini yake kinaharibika. Mtoto anaweza kupata maambukizi na kufa. Ukisikia jirani anapelekwa huko, mzuie.

Kwa hiyo, je, Mmeru na Mchaga wanatofautishwa kwa meno? Hapana. Wameoana, wamehamiana, wamebadilishana ardhi na lugha. Kabila ni lugha, ndoa na historia. Meno hutenganisha vizuri makundi makubwa yaliyokaa mbali kwa makumi ya maelfu ya miaka, na yakikaribiana sauti yao inafifia.

Sasa zamadamu. Ndiyo, meno yanaweza kufanya kazi kubwa peke yake, na sababu ni ya kawaida sana: enameli ni karibu asilimia 96 madini kwa uzito. Fisi anatafuna mfupa, mvua inauozesha, mchwa wanamaliza kilichobaki, jino linabaki. Sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu mababu wa kale kabisa kimetoka mdomoni mwao. Mwaka 1974, Laetoli, kusini ya Olduvai, Maundu Muluila aliokota taya la chini lenye meno, la zaidi ya miaka milioni 3.6. Wataalamu walipoipa jina spishi ya Australopithecus afarensis mwaka 1978, taya hilo ndilo waliloliteua kuwa kielelezo rasmi. Yule Lucy, zamadamu wa Ethiopia anayejulikana dunia nzima, jina la spishi yake limefungwa kwenye taya la Tanzania. Katika taya hilo magego tayari ni mapana, na chonge si ndefu kama ya sokwe. Sokwe dume chonge ni silaha, na mababu zetu waliacha kuitegemea mapema sana.

Miaka 15 kabla ya hapo, tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey aliona meno makubwa yakichungulia kwenye udongo wa Olduvai. Likawa fuvu la Zinjanthropus, la takriban miaka milioni 1.8, na magego yake ni mapana hivi kwamba gego lako moja lingekaa juu yake kama kikombe juu ya sahani. Wakamwita mbanja njugu, wakiamini taya lile lilipasulia vitu vigumu. Jina hilo likashika kwa miaka karibu 50. Kisha watafiti wakaweka magego ya jamii yake chini ya hadubini: hawakukuta vishimo vinavyoachwa na kupasua njugu, walikuta mikwaruzo myepesi tu. Mwaka 2011 kaboni iliyomo kwenye enameli ikapimwa, ikaonekana zaidi ya robo tatu ya chakula chake ilitokana na nyasi na jamaa zake kama ndago. Umbo la jino linaonyesha linaweza kufanya nini. Mikwaruzo na kaboni ndizo zinazosema lilifanya nini. Mimi kila nikikumbuka habari hii najizuia kuamini umbo peke yake.

Wasiojizuia wamewahi kuaibika. Mwaka 1922 Henry Fairfield Osborn, mkubwa wa jumba la makumbusho la New York, alipokea gego moja lililosagika kutoka Nebraska, akatangaza nyani mkubwa wa kale wa Amerika aliyekaribiana na binadamu. Mwaka 1927 ikathibitika lilikuwa la mnyama wa jamii ya nguruwe. Gego moja, tena bovu, ndilo lililomponza.

Kuna tukio moja la karibu ninalotaka ulishike. Pango la Panga ya Saidi liko Kilifi, si mbali na pwani ya Kenya. Wachimbaji walikuta shimo dogo lenye mifupa iliyooza kiasi kwamba ukiigusa inakuwa vumbi. Wakalizungushia plasta bonge zima la udongo, wakalipeleka Nairobi. Walipoanza kulifungua yakajitokeza meno mawili, na hapo ndipo walipoanza kushuku kuwa ni mtu. Bonge likapelekwa Hispania, María Martinón-Torres na wenzake wakalisafisha punje kwa punje, na ndani ya taya wakakuta meno ambayo hayajachomoza, yamekaa mahali pake. Umbo la meno likawaambia ni mtu wa aina yetu, Homo sapiens. Hatua ya ukuaji ikawaambia alikuwa na miaka kati ya 2 na nusu na 3. Alizikwa miaka 78,000 iliyopita, amelazwa ubavu, amekunjwa, kichwa kimeegemezwa kwenye kitu kilichokwisha kuoza. Walimpa jina la Mtoto, na matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Hakuna kaburi la mtu wa aina yetu la zamani kuliko hilo lililopatikana Afrika hadi sasa. Na umri aliokufa nao Mtoto ni ule wa kitindamimba wako.

Umri tunaupata kwa namna mbili. Moja ni hiyo ya kutazama taji na mizizi imefika wapi. Ya pili ni ya ndani zaidi: enameli hujengwa kwa mistari ya kila siku, na ukikata kipande chembamba sana cha jino unaweza kuihesabu chini ya hadubini. Hata siku ya kuzaliwa ina mstari wake. Kwa njia hiyo kijana wa Nariokotome, zamadamu aliyepatikana magharibi ya Ziwa Turkana mwaka 1984 na Kamoya Kimeu, alibainika kufa akiwa na miaka takriban 8, ingawa mwili wake ulikuwa kama wa mtoto wetu wa miaka 12 au zaidi. Watu wa spishi yake walikua haraka kuliko sisi. Utoto mrefu tulionao leo ulikuja baadaye.

Na siku hizi jino linafunguliwa hata zaidi. Kwenye mzizi vinasaba hudumu vizuri kuliko kwenye mifupa mingi, na enameli hutunza protini hata pale vinasaba vilipokwisha kuoza: mwaka 2025 timu ya Palesa Madupe ilisoma protini za meno manne ya zamadamu kutoka Swartkrans, Afrika Kusini, ya miaka takriban milioni 2. Kwa swali la mjomba, hiyo ndiyo njia ya kweli. Pwani yetu imeshaonja faida yake. Mwaka 2023 vinasaba vya mabaki ya watu 80 wa miji ya kale ya Waswahili na jirani zao vilionyesha mama za Kiafrika kwa wingi na baba wengi wa Kiajemi, mchanganyiko ulioanza karibu mwaka 1000. Kwa kuhesabu nundu za magego pekee tusingeweza kusema hivyo kwa uhakika kama huo. Lakini hata vinasaba havitamwambia mjomba jina la ukoo. Hilo alitafute kwa wazee, na wakati wao ni sasa.

Kinundu chako kiache. Hakidhuru, ila mfereji ulio pembeni yake hushika chakula, basi mswaki ufike upande wa ulimi pia, kwako na kwa binti.

Wasiwasi wangu uko kwa huyo wa miaka 2 na nusu. Taji za meno yake ya mbele ya ukubwani zinajengwa sasa hivi, ndani ya taya, wewe huoni kitu. Hutaziona hadi afikishe miaka 6 au 7, na wakati huo zitakuwa zimeshamalizika. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani yanaiacha nyingi zaidi. Kinga maji ya mvua kwenye tangi na mtengee mtoto ya kunywa na ya uji. Punguza magadi kwenye maharage na makande, kwani nayo hubeba floraidi. Kama mvua haitoshi, ulizia kituo cha utafiti cha Ngurdoto, si mbali na kwenu, ambako maji yamekuwa yakichujwa floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Na kabla ya yote, yapimwe maji ya bomba au kisima unachotumia, uandike namba, ukijaliwa unitumie. Wakubwa wawili rangi yao daktari anaweza kuipunguza. Wa mwisho bado ana takriban miaka miwili ya kunywa maji mengine.